MUUGUZI ANAPORUDI DARASANI: SHAHADA YA UZAMILI NA KAZI ZA NGAZI YA JUU

Muziki wa kufungulia, kisha unashuka polepole.

Popote ulipo, uwe jikoni unasonga ugali, uwe ndani ya matatu unarudi nyumbani, au uwe wodini unamngoja mwenzako wa zamu ya usiku aje akupokee, karibu katika kipindi chetu cha afya. Kwa kawaida hapa tunazungumza kuhusu magonjwa. Tumezungumza kuhusu malaria, kisukari, shinikizo la damu na chanjo za watoto. Leo tutamzungumzia mtu anayekaa nawe usiku na mchana ukiwa umelazwa, yaani muuguzi, na hasa yule anayeamua kurudi darasani kusomea shahada ya uzamili.

Huenda ukasema, "Mimi si muuguzi, hayo yananihusu nini?" Vuta subira. Kabla kipindi hakijaisha utaona yanavyokuhusu wewe, mama yako na mtoto wako.

Tumepokea barua kutoka kwa msikilizaji wetu mmoja, muuguzi katika hospitali ya kaunti ndogo. Ameomba jina lake lisisomwe hewani, nasi tutaheshimu ombi hilo. Anaandika hivi: "Dada, pokea salamu zangu. Nina miaka 34, nina watoto wawili, na nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka tisa. Nilianza na stashahada, nikajisomesha huku nikifanya kazi mpaka nikapata shahada ya kwanza. Sasa nataka kusomea uzamili. Mume wangu ananiuliza, hiyo karatasi itatuletea nini? Naye sista msimamizi wa wodi yetu anasema nitarudi nikute vitanda vile vile na mshahara ule ule. Dada, nisome au niache?"

Ndugu yangu, asante kwa barua yako. Jibu langu fupi ni hili: soma, lakini usianze kabla hujajua unakwenda kujifunza kumfanyia mgonjwa jambo gani, na kama sheria na mwajiri wako watakuruhusu kulifanya. Jibu refu ndilo litakalotuchukua muda uliobaki.

Hebu kwanza tuieleze ngazi yenyewe, maana wengi huwaita wauguzi wote "sista" au "daktari" na kudhani wote wamesoma kitu kimoja. Hapa Kenya kuna muuguzi wa cheti. Kuna muuguzi wa stashahada, ambaye kwa kawaida amesoma miaka mitatu, na wengi wao hutoka katika vyuo vya mafunzo ya matibabu vya KMTC. Kuna wa shahada ya kwanza, ambaye husoma miaka minne chuo kikuu kisha akafanya mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi hospitalini. Halafu kuna stashahada ya juu, ambayo muuguzi aliyekwisha kusajiliwa huisomea ili abobee katika jambo moja, kama vile kuwahudumia wagonjwa mahututi, wagonjwa wa figo, wagonjwa wa macho au kazi ya chumba cha upasuaji. Juu ya shahada ya kwanza ndipo ilipo shahada ya uzamili, ambayo kwa kawaida huchukua miaka miwili, na juu yake kuna uzamivu.

Ngazi hii haikujengwa kwa siku moja. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kutoa stashahada ya uuguzi wa juu mwaka 1968, na shahada ya kwanza ya uuguzi ikaanza huko mwaka 1992. Masomo ya uzamili yalifuata baadaye. Leo yanatolewa na vyuo kadhaa, kikiwemo hicho cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega. Na tusisahau kwamba Mkenya Eunice Muringo Kiereini aliliongoza Baraza la Kimataifa la Wauguzi kuanzia mwaka 1981 hadi 1985, wakati ambapo nchini mwetu hapakuwa bado na shahada ya uuguzi hata moja. Kwa hivyo anayesema masomo ya juu ya uuguzi ni mambo ya wageni hajui historia yetu.

Sasa, karatasi hiyo inaleta nini? Nitakueleza kwa kisa kilichonipata mimi mwenyewe. Mwaka 2012 nilikuwa zamu ya usiku katika wodi ya watoto. Tulikuwa wauguzi wawili, na watoto walikuwa zaidi ya arobaini. Aliletwa mtoto wa miezi minane mwenye homa kali. Hakuwa akiharisha wala kutapika. Nilimpima joto, nikahesabu pumzi zake, nikaandika kwenye faili, nikaendelea na wengine. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyokuwa nikifanya kila usiku.

Mwenzangu wa zamu hiyo alikuwa amerudi majuzi kutoka masomoni, alikokuwa akisomea uuguzi wa watoto. Alipita karibu na kitanda kile, akasimama. Alimbonyeza mtoto kifuani kwa kidole, akakiachilia, akahesabu moja, mbili, tatu, nne. Rangi ya ngozi ilikuwa haijarudi. Akamgusa mikono, ilikuwa baridi, ilhali kifua kilikuwa moto kama jiko. Akaniambia, "Huyu tusimwache asubiri asubuhi." Tukamwita afisa wa kliniki. Mtoto akawekewa oksijeni, akapimwa sukari na malaria, akaanzishiwa dawa.

Lakini kilichonishangaza zaidi kilikuja baadaye. Mimi nilikwisha kutayarisha chupa ya maji ya mshipani niyafungulie yaingie kwa kasi, maana ndivyo tulivyokuwa tukijua: damu haizunguki vizuri, ongeza maji upesi. Mwenzangu akanishika mkono. Akasema, "Polepole." Akanieleza kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliofanywa papa hapa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 waliokuwa na homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Kati ya kila watoto 100 waliomiminiwa maji mengi kwa haraka, karibu 11 walifariki ndani ya siku mbili. Kati ya wale ambao hawakumiminiwa, walikuwa karibu 7. Kitu tulichokuwa tukikifanya kwa nia njema kilikuwa kikiwaongezea watoto hatari. Afisa wa kliniki naye alikubaliana naye, na maji yakapunguzwa mwendo.

Hapo naomba nikatize kidogo, kwa sababu kuna wazazi wanaonisikiliza. Utafiti huo haukuwahusu watoto wanaoharisha na kukauka maji mwilini. Mtoto anayeharisha anahitaji maji. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti na umfikishe kituo cha afya. Usije ukamnyima maji ukisema umesikia redioni.

Turudi kwa kisa chetu. Mtoto yule alipona. Siwezi kukuapia kwamba angekufa kama mwenzangu hangekuwepo. Ninachojua ni kwamba tulimtazama mtoto mmoja, usiku mmoja, kwa macho mawili tofauti. Mimi niliona joto la kuandika kwenye faili. Yeye aliona mtoto anayeteremka mlima. Na tena aliweza kusoma utafiti, akauelewa, akajua unamhusu mgonjwa yupi na haumhusu yupi. Hilo ndilo jambo ambalo shahada ya uzamili, ikifundishwa vizuri, inakupa. Sindano ya kuchoma ulikwisha kufundishwa zamani. Hapa unafundishwa kuuliza, "Tunafanya hivi kwa sababu gani, na nani alihakikisha?"

Muziki mfupi.

Karibu tena. Tunazungumza kuhusu wauguzi na masomo ya uzamili. Sasa tuingie katika jambo linalowachanganya wengi, nalo ni zile kazi za uuguzi wa ngazi ya juu.

Mwaka 2002 Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilieleza kwamba muuguzi wa ngazi ya juu ni yule aliyesajiliwa, kisha akapata ujuzi wa kitaalamu, uwezo wa kuamua mambo magumu, na uwezo wa kutoa huduma zinazozidi zile za muuguzi wa kawaida. Na likapendekeza kwamba mlango wa kuingilia kazi hiyo uwe shahada ya uzamili.

Kazi hizo zilikuwepo hata kabla ya mwaka huo. Kule Marekani, mwaka 1965, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado mafunzo ya wauguzi watakaoweza kumpima mtoto, kutambua ugonjwa na kutibu katika sehemu ambako madaktari walikuwa haba. Huyo tumwite muuguzi tabibu. Leo Marekani ina aina nne za wauguzi wa ngazi ya juu: muuguzi tabibu, muuguzi bingwa wa wodi, mkunga, na muuguzi wa dawa ya usingizi. Katika zaidi ya nusu ya majimbo yao, muuguzi tabibu anaweza kupima, kutambua ugonjwa na kuandika dawa bila kusimamiwa na daktari.

Je, mgonjwa yuko salama? Swali hilo limechunguzwa. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2000, uliofanywa New York kwa wagonjwa 1,316, uliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine wakaenda kwa wauguzi tabibu na wengine kwa madaktari. Baada ya miezi sita hali za afya za makundi hayo mawili zilikuwa karibu sawa. Hii haina maana kwamba daktari hahitajiki. Maana yake ni kwamba kwa mambo ya kila siku ya kliniki, muuguzi aliyefundishwa vizuri na kupewa mamlaka anaweza kufanya kazi hiyo vizuri.

Sasa sikiliza kwa makini maneno hayo mawili, kufundishwa na kupewa mamlaka, maana hapo ndipo wauguzi wetu wengi wanapojikwaa. Hapa Kenya kazi ya kupima, kutambua ugonjwa na kuandika dawa katika vituo vya afya imekuwa mikononi mwa maafisa wa kliniki tangu enzi za ukoloni, nao wana sheria yao ya mwaka 2017 inayowalinda. Kwa sababu hiyo, pengo lililomzaa muuguzi tabibu kule Colorado, hapa kwetu lilikwisha kuzibwa na mtu mwingine. Ukweli wa mambo, na kila muuguzi wa zahanati ya mashambani anaujua, ni kwamba siku ambayo afisa wa kliniki hayupo, muuguzi ndiye anayepima na ndiye anayetoa dawa. Lakini kufanya kwa sababu hakuna mwingine si sawa na kupewa mamlaka. Likitokea la kutokea, utaulizwa, "Nani alikuruhusu?" na shahada yako ya uzamili haitakujibia swali hilo.

Tazama majirani zetu wa Uganda walivyofanya. Shirika la Hospice Africa Uganda lilianza kazi mwaka 1993 kwa ajili ya wagonjwa wa saratani na wengine wenye maumivu makali. Dawa ya maumivu hayo ni mofini, lakini sheria ilimruhusu daktari peke yake kuiandika, na mgonjwa anayelala kwa maumivu kijijini hawezi kumfikia daktari. Basi wakafanya mambo mawili kwa pamoja. Waliwafundisha wauguzi na maafisa wa kliniki huduma ya kupunguza maumivu, tena kwa miezi, si kwa semina ya siku mbili. Na mwaka 2004 serikali ikabadilisha kanuni ili wale waliohitimu mafunzo hayo waruhusiwe kuandika mofini. Muuguzi akapata ujuzi, akapata na ruhusa. Bibi mwenye saratani ya mlango wa kizazi akalala usingizi nyumbani kwake. Kama wangefundisha bila kubadilisha kanuni, wangekuwa na wauguzi wenye vyeti vizuri ukutani na bibi yule angelia hadi asubuhi.

Sisi nasi tumewahi kuonja upande wa pili wa jambo hilo. Kuanzia mwaka 2015 serikali ilipeleka katika hospitali za kaunti mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, vifaa vya upasuaji na vya wagonjwa mahututi. Lilikuwa jambo jema. Lakini katika baadhi ya hospitali mashine zilikaa bila kutumika, na mojawapo ya sababu ilikuwa kukosekana kwa watu waliofundishwa kuzitumia. Mgonjwa wa figo anahitaji kusafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki, na anayekaa naye saa zile zote nne karibu na mashine ni muuguzi. Mashine huja kwa lori mara moja. Muuguzi wa figo hachukuliwi dukani.

Kwa hivyo, ndugu yangu uliyeniandikia, swali lako la kwanza lisiwe chuo gani. Liwe, mgonjwa gani? Ukifumba macho ukajiona miaka kumi kutoka sasa, umesimama wapi? Kando ya kitanda cha mgonjwa mahututi? Katika wodi ya akina mama? Mbele ya wanafunzi? Katika ofisi ya kaunti ukipanga bajeti ya dawa? Kila jibu lina njia yake.

Ukitaka kubaki kando ya kitanda, pima kwanza kama stashahada ya juu haitakutosha. Sisemi hivi ili nikuvunje moyo. Kuna watu hudharau stashahada ya juu kwa sababu haina jina la shahada, nami nadhani wanakosea. Katika chumba cha wagonjwa mahututi nimewaona wauguzi wa stashahada ya juu wakiokoa maisha huku mwenye shahada kubwa akitafuta ukurasa kwenye kitabu. Wale wauguzi waliofundishwa kutoa dawa ya usingizi katika Hospitali ya AIC Kijabe wamewezesha akina mama wengi kufanyiwa upasuaji wa kujifungua mahali ambapo daktari wa usingizi hajawahi kukanyaga. Hiyo ni kazi ya ngazi ya juu kabisa, hata kama haikuja na joho la uzamili.

Uzamili unakufaa zaidi ikiwa unataka kuvuka kutoka kumhudumia mgonjwa mmoja hadi kubadilisha jinsi wodi nzima inavyofanya kazi. Tuseme wodi yenu inapoteza watoto wachanga wengi kwa maambukizi. Muuguzi mzuri atawahudumia watoto hao kwa bidii. Muuguzi wa uzamili atafanya hivyo pia, lakini atarudi kwenye mafaili ya mwaka mzima, ahesabu, atafute maambukizi yanaanzia wapi, ajaribu dawa ya kupangusia mikono kando ya kila kitanda, kisha ahesabu tena. Halafu aende kwa msimamizi wa hospitali na takwimu mkononi badala ya malalamiko mdomoni. Wasimamizi wengi wamezoea kusikia malalamiko ya wauguzi. Takwimu huwanyamazisha.

Ukitaka kufundisha, uzamili ni lazima chuo kikuu, na hata hivyo ujue ni mwanzo tu, maana vyuo vikuu vyetu siku hizi vinataka mhadhiri awe na uzamivu. Ukitaka uongozi, uzamili utakusaidia katika mahojiano ya kupandishwa cheo, ingawa tangu huduma za afya zilipokwenda kwa kaunti mwaka 2013 mambo hutofautiana kutoka kaunti moja hadi nyingine. Kaunti moja inaweza kuwa na nafasi ya muuguzi bingwa, na jirani yake haina. Uliza kwenu.

Na ukitaka kwenda ng'ambo, hapo naomba tusidanganyane. Wapo wenzetu wengi wanaofanya kazi Marekani, Uingereza na nchi za Ghuba, na mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya kuwapeleka wahudumu wa afya huko. Lakini uzamili wa hapa haukufanyi muuguzi tabibu wa Marekani. Kule utaanza kwa mtihani wa kusajiliwa kama muuguzi wa kawaida. Kisha ukitaka ngazi ya juu utasoma katika chuo chao kilichoidhinishwa, ufanye mamia ya saa za mazoezi chini ya usimamizi, halafu mtihani mwingine wa taifa. Kwa upande wa dawa ya usingizi, siku hizi kule hata uzamili hautoshi tena, wanadai shahada ya udaktari wa uuguzi. Anayekuambia lipa hizi kisha mwaka ujao utakuwa muuguzi tabibu Texas, anataka pesa zako.

Muziki mfupi.

Msikilizaji, tuzungumze sasa mambo ya mfukoni na ya nyumbani, kwa sababu ndiyo aliyouliza mume wa dada yetu, na swali lake si la dharau. Ni swali la mtu anayelipa karo.

Masomo ya uzamili hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi. Wengine huchukua mkopo wa Sacco, wengine huomba Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo husaidia pia wanafunzi wa uzamili, si wale wa shahada ya kwanza peke yao. Kabla ya kukopa, nenda ofisi ya wafanyakazi ukaulize kuhusu likizo ya masomo yenye mshahara. Ukipewa, utatia sahihi mkataba wa kumtumikia mwajiri kwa muda fulani baada ya kuhitimu. Usome mkataba huo neno kwa neno. Kosa kubwa ni kwenda chuoni kimya kimya ukitegemea mwenzako akushikie zamu. Hayo huishia kwa mshahara kusimamishwa, au mgonjwa kuachwa bila mtu usiku, na sijui lipi ni baya zaidi. Nadhani najua.

Halafu hakikisha chuo chenyewe kinatambuliwa. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ndiyo inayoidhinisha vyuo, na Baraza la Wauguzi la Kenya ndilo linalosajili wauguzi na sifa zao. Pigia wote wawili simu au uende mwenyewe. Waulize Baraza swali moja lililo wazi: nikimaliza shahada hii, mtaniandikisha kama nani, na nitaruhusiwa kufanya nini ambacho leo siruhusiwi? Andika jibu. Zipo shahada zinazotangazwa kwenye intaneti zisizo na siku hata moja ya wodini. Muuguzi bingwa asiyemgusa mgonjwa ni kama fundi wa magari aliyefundishwa kwa barua.

Na sasa tasnifu. Hapa ndipo wengi hukwama. Masomo ya darasani huisha kwa mwaka mmoja au zaidi kidogo, wanafunzi hurudi kazini wakisema wataandika jioni, na jioni haifiki. Miaka inapita. Kwanza pendekezo la utafiti lazima lipitishwe na kamati ya maadili, kisha upate kibali cha NACOSTI, kisha ruhusa ya hospitali, ndipo ukusanye takwimu. Kila mlango una foleni yake. Wengi huchelewa kwa sababu walichagua swali kubwa kupita uwezo wao, kama vile afya ya akina mama katika kaunti nzima. Mimi husema hivi kwa wanafunzi: chagua swali linaloweza kujibiwa ndani ya wodi unayoijua, kwa mafaili unayoweza kuyafikia kwa miguu. Kwa nini wagonjwa wetu wa kisukari hupata vidonda miguuni ilhali huja kliniki kila mwezi? Ni mara ngapi usiku vipimo vya mgonjwa mahututi huachwa bila kuandikwa, na saa ngapi hasa? Swali dogo lililojibiwa vizuri litambadilishia mgonjwa maisha kabla hata hujavaa joho.

Ndugu yangu, narudi kwa barua yako. Umesema sista msimamizi anakuambia utakuta vitanda vile vile na mshahara ule ule. Huenda asemayo ni kweli. Wapo wauguzi wa uzamili wanaopangwa zamu kana kwamba hawakuondoka kamwe, na nyongeza ya mshahara huchukua muda mrefu, ikija. Wauguzi wa Kenya waligoma kwa miezi mitano mwaka 2017 kwa mambo ya mishahara, kwa hivyo hakuna atakayekushangaa ukiuliza kuhusu pesa. Usione haya. Kama lengo lako ni mshahara peke yake, piga hesabu ya karo, riba ya mkopo na miaka miwili mbali na watoto, uone kama inalipa. Kwa wengine hailipi, na kubaki na shahada ya kwanza si aibu.

Lakini katika barua yako kuna sentensi moja ambayo sikuisoma hapo awali. Umeandika kwamba mwaka jana, katika wodi yenu, akina mama wawili walifariki kwa kuvuja damu baada ya kujifungua, na kwamba mpaka leo unajiuliza kama kuna kitu ambacho hamkukiona mapema. Hilo si swali la mshahara. Ni swali la utafiti, tena ni swali la muuguzi mkunga wa ngazi ya juu. Ungeniuliza mimi, ningekuambia ujaze fomu za uuguzi wa uzazi na ukunga, ubebe swali hilo hadi chuoni, na uombe likizo yako mapema kabla bajeti ya kaunti haijafungwa. Mwambie mume wako pia kuhusu akina mama hao wawili. Huenda hujawahi kumwambia.

Na wewe msikilizaji ambaye si muuguzi, siku utakayolazwa, au utakapompeleka mtoto wako hospitalini, una haki ya kumuuliza muuguzi jina lake na amesomea nini. Uliza kwa heshima. Wengi watafurahi kuulizwa, maana hakuna awaulizaye.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza kuhusu kuvuja damu baada ya kujifungua: dalili zake, na mambo ambayo familia inapaswa kuyatayarisha kabla mama hajaanza uchungu. Waite wanaume wa nyumba hiyo wasikilize nao. Mpaka wakati huo, kwaheri.

Muziki wa kufungia.